Somo na Mitungi ya Maganda

Nitaanza na uvundo, maana kwa Somo hukuweza kufika bila kuupita. Msimu wa maembe ukiingia uchochoro wetu wa Ng'ambo, pua ndiyo iliyotangulia kukaribishwa. Kwanza maganda yanayooza, ule utamu mzito unaokaba koo. Chini yake kitu kichachu, kama kilabu cha wanzuki, pombe ile ya asali, mchana wa jua kali. Halafu nzi, wale wakubwa wa kijani, na vile vijinzi vidogo vinavyoingia puani bila hodi. Mume wangu aliponioa akanileta katika nyumba iliyoshikana ukuta wa uwani na ya Somo, nilitapika kabla fungate haijaisha. Wakwe zangu wakafurahi bure.

Na huyu ndiye aliyenifunda! Hilo ndilo lililonitia kinyaa zaidi. Kwa wasioijua desturi yetu, somo ni mwanamke anayekabidhiwa msichana akishavunja ungo, amfundishe mwili wake, na siku ya ndoa amwoshe, amsinge, amfukize udi na kumwingiza chumbani kwa mumewe. Ukimkuta njiani unapiga goti. Ukimjibu kwa ukali watu watakutazama kama uliyempiga mama yako. Somo wangu alikuwa somo wa nusu ya wanawake wa Ng'ambo, na wengine walitoka mpaka Ipuli kuwaleta binti zao kwake. Kiasi cha liwa alikijua yeye, kiasi cha karafuu yeye, na muda wa kanga kukaa juu ya chetezo mpaka moshi wa udi uingie kwenye uzi, yeye. Alitufundisha kwamba mwanamke akisahau kwapa lake amesahau nyumba yake. Kisha unamfuata uwani, unamkuta ameinama juu ya mtungi wenye funza.

Mitungi yenyewe ilipangwa kando ya ukuta, upande wangu bila shaka, kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli. Kulikuwa na Mhindi mmoja mwenye duka karibu na stesheni, aliyetengeneza achari ya embe akiwauzia watu wa reli na wazungu wa bomani. Nyama ya embe aliichukua yeye. Maganda na kokwa aliyatupa nyuma ya ghala. Huko ndiko Somo alikokwenda na kapu lake kila asubuhi. Mwanamke wa heshima zake, amejifunga kanga safi, anagombea jaa na mbuzi! Maembe kwetu hayana mwisho. Wapagazi wa zamani waliokuwa wakipita na pembe walikula wakatupa kokwa njia nzima, nasi tukaamka na miembe kila upande. Kwa hiyo maganda hayakuisha. Na yakipungua, alileta maganda ya nanasi, mbegu za papai zenye ule ute wake, na masega yaliyokwisha kukamuliwa asali.

"Bado ina kazi hii," alikuwa akisema. Alisema hivyo juu ya kokwa yenye nyuzi tatu za nyama, juu ya kanga iliyochakaa, juu ya mkweche wa sufuria, na mara moja juu ya jogoo wa mume wangu aliyekuwa hawezi tena kuwika. Alilitamka neno hilo kwa sauti ya mtu anayemtetea mwingine barazani. Mimi nikijibu moyoni, ina kazi ya kuniua.

Haya, alichokifanya ni siki. Maganda na kokwa aliyatia mtungini, akamimina maji, akafunika kwa kitambaa chepesi. Siku za mwanzo yalitoa povu, yakitokota bila moto, na hapo ndipo yalipooza vizuri. Kisha yakageuka pombe. Pombe kabisa, ungeweza kumlewesha punda. Kisha, ukiyaacha, yakaota utando juu, na chini ya utando ile pombe ikawa inaliwa kidogo kidogo mpaka inageuka siki. Huo utando niliwahi kuuona kwa macho yangu na sitausahau. Aliunyanyua kwa vidole viwili, mweupe, mnene, unateleza, unaning'inia kama kondo la mbuzi aliyezaa sasa hivi. Akautazama kwa mapenzi! Akaugeuza upande huu na upande huu kama anayekagua kitambaa cha kushonea.

"Mzuri huu," akasema. "Huu umekula vizuri."

Nilikimbilia kwangu nikajiosha uso.

Mbona watu walimwacha? Kwa sababu siki yenyewe ilikuwa nzuri, na sitakuwa mwongo kwa ajili ya hasira. Ilikuwa safi, rangi ya chai ya rangi, kali bila kuunguza. Kachumbari bila siki ya Somo haikuwa kachumbari. Waliitia kwenye achari, walimsukutua nayo mtoto akikauka koo, waliikandia mguu uliotegulika. Mimi pia niliitumia. Kuna aliyesema mimi mjinga? Nilikunja uso, nikanyoosha chupa.

Ila palikuwa na jambo moja ambalo halikuwa la mchezo. Maalim wetu wa msikitini alikwisha kulieleza wazi: pombe ikigeuka siki yenyewe, bila kutiwa kitu cha kuigeuza, hiyo ni halali na ni twahara. Kabla haijageuka ni pombe, ni najisi, na atakayeilisha watu amewalisha haramu. Kati ya mtungi wa najisi na mtungi wa halali hapakuwa na ukuta. Palikuwa na siku chache tu, na mtu wa kuzijua siku hizo alikuwa Somo peke yake. Heshima yake yote ilikaa hapo. Wangeruhusuje mtu anayewalisha pombe waumini amwoshe binti yao?

Nikirudi kwangu mimi: sikuweza kunyamaza. Nilifundwa, nilipiga goti njiani, lakini uwani, harufu ikipanda, ulimi wangu ulinishinda. Hasa ile hatua ya pombe. Nilikuwa nikipanda juu ya kinu nikachungulia ukuta na kupaza sauti.

"Somo! Leo umetufungulia kilabu! Nguo zangu zote zinanuka ulevi! Mume wangu akienda kuswali na kanzu hii watamfukuza msikitini!"

"Ahsante, mwanangu," akajibu.

Kesho yake tena. "Somo, kilabu chako hakijafungwa tu? Astaghfirullah, kichwa kinanizunguka!"

"Ahsante, mwanangu."

Basi! Ahsante, mwanangu, kwa ile sauti yake laini ya kufundia wari. Hakuna kinachoudhi kama kumtukana mtu akakushukuru. Mama yangu, aliyekuwa akija kunitembelea kutoka Lusu, aliyasikia hayo siku moja akashika kinywa. "Mayo! Unamsemesha hivyo somo wako?" Wanawake wa mtaa wakanipa jina la Mdomo. Walinikalisha wakaniasa: mwenzako ana subira, mwenzako ni mtu wa peponi, wewe je? Nami nilizidi kumchukia kwa hiyo subira. Mtungi ukishageuka, harufu ya kilabu ikiisha, nami nilinyamaza, maana siki ina ukali wake lakini haichefui. Siku mbili tatu baadaye nilimwona akichuja na kujaza chupa.

Sisi wari wake tulikuwa tukicheka kitu kingine. Alikuwa hafundishi harufu kwa kusema, alifundisha kwa kuuliza. Anakufukiza kanga, anakusogezea puani. "Nusa, mwanangu. Uniambie." Anakupaka liwa mkononi. "Nusa, mwanangu. Uniambie." Nasi, kwa adabu tulizofundwa, macho chini: "Inanukia, Somo." Sote tulijibu hivyo. Ingekuwa mavi ya kuku tungejibu hivyo, kwa kuwa somo haambiwi kwamba kitu chake kinanuka. Tulidhani ndiyo njia yake ya kutuzoesha pua.

Wakati mmoja alikuja bwana afya, Mwingereza kijana mwenye shingo nyekundu, pamoja na karani wake. Nilifurahi! Nikasimama juu ya kinu changu nione. Alitia kijiti mtungini, utando ukakifuata kijiti, na yule bwana akageuka rangi mpaka masikio. Aliamuru mitungi ifunikwe kwa mbao ngumu, iwekwe mbali na ukuta wa majirani. Somo akaitikia kila neno. Yule bwana alipoondoka tu, Somo akazitoa mbao.

"Ikikosa hewa inakufa," aliniambia, maana aliniona. "Na wewe shuka hapo, utavunja kinu."

Nilishuka. Sikumwelewa mtu yule. Alikuwa na mikono ya kunuka na kucha safi kuliko zangu. Alilala mapema, alikataa kupika samaki nyumbani kwa sababu eti hawezi kujua ameharibika au la, jambo lililonishangaza, mtu anayekumbatia funza anaogopa samaki. Aliacha maziwa yakaungua jikoni huku amekaa pembeni yake akishona. Alipenda kukaa karibu na mtu mwenye kusema sana. Tulisema ni uzee unaingia.

Sasa nifike kwenye Ramadhani ile. Iliangukia katikati ya msimu wa maembe, joto la kupasua, mvua za kwanza zinatishia na hazinyeshi. Na nyumba moja kubwa ya Ng'ambo ilikuwa na harusi baada ya Idi. Somo ndiye aliyekuwa akimfunda yule bibi harusi, na siki ya karamu iliagizwa kwake. Mitungi ilitokota upande wa pili wa ukuta wangu mwezi mzima. Nilikuwa na njaa, nina kiu, na ile harufu ya kilabu inaniingia mpaka kwenye ubongo. Lakini nilikuwa nimefunga! Mume wangu aliniambia mwanzo wa mwezi, "Ukimtukana mzee wa watu umejishindisha na njaa tu, saumu huna." Nikaziba pua kwa upande wa kanga na mdomo nikaufunga. Mwezi mzima sikupanda kinu. Wallahi sijapata kufunga saumu ngumu kama ile, na nilikuwa nikijisifu.

Siku ya karamu wanaume walikaa mkekani, pilau ikaletwa, kachumbari ikaletwa. Sisi wanawake tulikuwa tukichungulia kutoka uwani. Maalim alichukua tonge la kwanza, akalipeleka mdomoni, akalisimamisha hapo. Akalinusa. Akalirudisha sahanini, akanawa mikono bila kusema kitu. Jirani yake akanusa. Wote wakanusa. Hata pale nilipokuwa nilikwisha kuitambua, ile ile ya ukutani kwangu, pombe iliyoanza kuchacha tu.

Chakula chote kilimwagwa shimoni, na mama wa bibi harusi alimwita Somo mbele ya watu.

"Umetulisha nini?"

Somo alikuwa ameshika chetezo, moshi unampanda usoni. Alichovya kidole kwenye bakuli la kachumbari akakilamba.

"Nimekosea," akasema.

"Umekosea? Pua yako ilikuwa wapi?"

Angeweza kusema jua, angeweza kusema mtungi mbovu. Alikiweka chetezo chini, akajifunga kanga vizuri, akatoka. Na bibi harusi aliingizwa chumbani na shangazi yake.

Toka hapo hakuitwa tena. Wale waliokuwa wakiinamisha macho wakisema inanukia, Somo, ndio waliokuwa wa kwanza kumsema. Eti walijua siku nyingi kwamba ni mpika pombe. Eti mikono yake ilikuwa ikiwatia kichefuchefu tangu wakiwa wari. Njiani waligeuza nyuso wasije wakalazimika kumsalimu. Nimetapika kwa ajili ya maganda yale mara nyingi, lakini wanawake wale walinichafua roho kuliko mtungi wowote, kwa kuwa mtungi mwishowe hutoa kitu. Na walinikaribisha, tafadhali! Mdomo akawa mtu mwenye busara, aliyeona mapema. Nilikataa hata chai yao.

Somo aliipindua mitungi yote, midomo chini. Uwani kukawa safi. Nzi wakahama. Nilikaa kwenye ile hewa safi niliyoililia miaka yote nikajikuta nanusa-nusa kama mbwa aliyepotelewa.

Miaka ikapita hivyo. Ikafika zamu ya binti yangu Zuhura kuposwa. Kikao cha wanawake kikakaa barazani kwangu kuchagua wa kumwosha na kumfukiza siku ya ndoa, majina yakatajwa, la Somo halikutajwa, hata na mimi. Siku mbili kabla ya harusi, asubuhi, nilimpelekea uji, kama nilivyozoea tangu miguu yake ilipoanza kuvimba, ila wiki ile nzima shughuli za harusi zilikuwa zimenizuia.

Nilipofungua mlango nilirudi nyuma hatua nzima. Lo! Kulikuwa na kitu kimekufa mle ndani, na hakikufa jana. Uvundo ulikuwa mzito mpaka unauona. Na Somo amekaa kitandani, nywele amesuka, kanga imenyooka, ananitabasamia.

"Shikamoo, Somo," nilisema huku nimeziba pua.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti. Habari za harusi?"

"Nikae wapi? Somo, humu mna mzoga!"

Uso wake ukabadilika. Akageuza kichwa huku na huku, kama mtu anayetafuta sauti gizani. "Wapi?"

"Wapi! Mbele yako! Chini yako!" Niliinama nikauona. Panya buku, chini ya kitanda, upande wa kichwa chake, amekwisha kufumuka, mafunza yanamchezea. Nilimtoa kwa jembe nikamzika nyuma, nikarudi na hasira. "Umelala juu ya kitu kile siku ngapi? Na wanaokuja kukuamkia hawakukwambia?"

"Wawili watatu walikuja. Walisema pananukia udi."

Nikamtazama. Maziwa yaliyoungua. Samaki. Nusa, mwanangu, uniambie.

"Somo," nilisema, "hunusi."

Alikaa akiuchezea upindo wa kanga. "Tangu homa ile iliyokuja baada ya vita vya Mjerumani," akasema. "Nilipona nikakuta dunia imeoshwa. Si udi, si choo, si mtoto mchanga. Nilikuwa somo tayari. Ningewaambia nini watu? Somo asiye na pua nani atampa binti yake? Nikaendelea na ninavyovikumbuka."

"Na siki? Ulijuaje imegeuka?"

Hapo akacheka, cheko la ndani, mabega yanatikisika. "Ulimi wangu unajua ukali tu. Pombe ikianza kuchacha na siki, kwangu ni mamoja. Niliwauliza wari, wakasema inanukia. Niliwauliza majirani, wakasema inanukia. Ndipo akaolewa msichana mmoja hapo ukutani." Akanigusa goti. "Ukipiga kelele za kilabu, nilijua bado. Ukinyamaza, nilijua imekuwa halali. Miaka yote ile hukunikosesha hata mara moja."

"Ramadhani ile—"

"Ulinyamaza, mwanangu. Mwezi mzima. Nikasema, alhamdulillahi, ya mwaka huu imewahi."

Sikujua nilie au nimpige. "Kwa nini hukuwaambia pale pale? Ulisimama ukasema umekosea tu!"

"Kukosea mtu husamehewa siku moja," akasema. "Pua haisamehewi. Nilidhani wataniita tena."

Kisha akauliza, taratibu, bila kunitazama, "Zuhura anaoshwa na nani?"

Nilimjibu kwa swali. "Unataka kujua unanukaje sasa hivi?"

"Niambie."

"Unanuka panya. Unanuka mkojo, na mafuta ya kichwa yaliyochina, na godoro lako ni la kuchoma moto. Nataka kutapika."

Akafumba macho kama mtu aliyepewa maji ya kunywa. "Basi nioshe," akasema.

Nilimwosha. Nilimkalisha kwenye kigoda uwani, kati ya mitungi iliyopinduliwa, nikamsugua mgongo na kwapa na katikati ya vidole, kama alivyonisugua mimi nikiwa mwari, na kila mara nikisimama kutema mate. Nilimsinga, nikamvika kanga zangu mpya za harusi. Ile siku ilipofika sikumpitisha uchochoroni. Nilimpitisha barabarani, mchana, nimemshika mkono, mbele ya baraza yangu iliyojaa wanawake.

"Unampeleka wapi huyo?" mmoja akauliza.

"Ndani kwa binti yangu. Bado ana kazi."

Waliguna. Mimi ndiye Mdomo, hakuna aliyethubutu zaidi ya kuguna.

Zuhura alikuwa amekaa mkekani amefunikwa, macho chini, amefundwa adabu mpaka basi. Somo akashuka mkekani polepole, akavuta chetezo, akaweka udi juu ya makaa, akatandaza kanga juu ya moshi. Akangoja. Akangoja sana. Akaiondoa, akamsogezea puani.

"Nusa, mwanangu. Uniambie."

"Inanukia, Somo," Zuhura akanong'ona.

"Mwongo huyo!" nilipaza sauti kutoka mlangoni. "Udi umeungua, Somo! Pananuka kama jiko la mkaa!"

"Ahsante, mwanangu," akasema, akautoa udi ule kwenye makaa na kuweka mwingine.